Makelele ya Kaka Yangu Godaunini

Ilianza Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Agosti, mwaka wa tisini na sita, saa tisa na robo alasiri, katika godauni moja nyuma ya soko la Voi. Kaka yangu alikuwa ametangaza saa tisa kamili. Hiyo robo saa aliimaliza akitafuta waya wa betri, akipindua magunia na kumlaumu rafiki yake, kumbe waya wenyewe unaning'inia shingoni mwake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia la magunia, debe tupu la mafuta katikati ya magoti, nikimwomba Mungu watu wasije.

Lilikuwa ombi la kijinga, kwa sababu ilibidi waje. Waje, wasikilize, warudi makwao bila vurugu. Ikiwa hivyo, kaka angebaki nyumbani. Ikiharibika, kesho yake angeondoka na baba mdogo kwenda Mata kulima ndizi na vitunguu. Begi lake lilikuwa limeshafungwa tangu Ijumaa, limesimama nyuma ya mlango wetu ili kusiwe na maneno mengi.

Kaka alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alifanya kibarua reli kwa muda, wakapunguza watu, naye akawa wa kwanza kupunguzwa kwa sababu alikuwa wa mwisho kuandikwa. Baada ya hapo alikuwa anatengeneza redio kwenye baraza yetu. Watu walileta redio, wakazichukua, wakasema asante tu. Baba alikuwa ameshafariki nikiwa darasa la sita. Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake, alikuwa na shamba huko Mata karibu na mpaka na hakuwa na kijana mkubwa wa kumsaidia. Kila akija alimtazama kaka kama mtu anavyotazama jembe lililoachwa kwenye mvua.

Mama hakutaka aende. Alipatana na baba mdogo angoje mpaka Jumamosi hiyo, kwa sababu mwenye godauni alikuwa ameahidi kitu. Huyo ni mzee wa familia ya Kiislamu ambayo ilitoka pwani zamani, anauza unga na nafaka, na kaka alikuwa amemtengenezea redio yake mpaka ikashika idhaa za mbali. Nilikuwepo siku alipomwambia.

"Mwanangu, godauni nitakupa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, likiwa tupu. Na chumba kile cha mbele nitakupa ukae na maredio yako, upate wateja. Lakini kwanza nataka nione alasiri moja ipite salama. Fujo sitaki, polisi sitaki, na mambo ya mashetani sitaki. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, mzee."

"Haya. Mwenyezi Mungu akujaalie."

Kwa hivyo hiyo ndiyo alasiri yenyewe. Hatukubandika tangazo popote, maana siku hizo ukikusanya watu bila kibali cha chifu unaitwa ueleze, na kaka angemwelezaje chifu? Habari zilipita mdomo kwa mdomo, kwa vijana wa shule waliokuwa likizo, kwa makanga wa matatu, kwa kina mama wa soko. Waliambiwa tu kutakuwa na muziki. Hapo ndipo palikuwa na shida ya kwanza, kwa sababu sijui kama ulikuwa muziki.

Hakukuwa na gita wala wimbo. Kulikuwa na redio tatu zilizowekwa kati ya idhaa na idhaa, pale zinapochemka kama mafuta yanayoungua. Kulikuwa na kaseti za sauti alizozirekodi mwenyewe: kinu cha posho, mashine ya kupasua mbao, mbuzi wa Marungu wakishushwa kwenye lori. Kulikuwa na karatasi za mabati ambazo rafiki yake alizikwaruza kwa nondo. Hivyo vyote vilipita kwenye amplifaya aliyoiunganisha kwa mabaki, vikatokea kwenye spika moja ya bati yenye mdomo mpana, kama zile za mikutano ya siasa. Na mimi na debe langu.

Hakuna aliyemfundisha. Alinisimulia kwamba siku moja, akijaribu redio ya mteja, alikuta kituo cha Ulaya kinatoa mikwaruzo na milio, akadhani hajashika vizuri, akazungusha, akarudi, ikawa ni ile ile. Akaacha tu iendelee. Mwisho wa mikwaruzo watu wakapiga makofi. "Makofi ya watu wengi," akaniambia. "Walikuwa wamekaa wakisikiliza. Sasa mimi kila siku nasikia vitu vizuri kuliko vile, hapa hapa Voi, na nadhani nina kasoro."

Mimi sikuwa na kasoro ya kusikia. Yangu ilikuwa ya kusema. Kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza swali ninalolijua ninainama mpaka amuulize mwingine. Nyumbani nilisema na kaka tu; mengine niliyaandika kwa kalamu. Ndiyo maana alininingʼinizia pazia la magunia. Alisema, "Utapiga bila kuonwa. Ila sheria ni moja. Usipige kwa mpigo. Ukisikia mguu wako umeanza kutaka kucheza, vunja." Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Mkono ukiuacha unatafuta mpigo wenyewe. Tulifanya mazoezi wiki mbili mchana mama akiwa sokoni, na mara kwa mara kaka alinyanyua kidole: vunja.

Rafiki yake alikuwa Mluhya wa kule nyumba za reli, mrefu, ambaye baba yake alikuwa bado kazini. Yeye mzaha haukumwisha. "Sista," aliniambia siku hiyo kabla watu hawajaingia, "leo utaongea wewe ama debe ndilo litaongea?"

Nikalivuta debe karibu.

"Basi nimejibiwa. Debe."

Sasa nieleze habari ya mama, maana wasiotoka kwetu hawajui saka. Kwa sisi Wadawida, Wataita wa milimani, wako wanawake wanaoshikwa na saka. Mmoja akisikia injini ya gari, mwingine akinusa sigara, mabega yanaanza kutikisika yenyewe, kichwa kinakwenda huku na huku, na ukimwita hakusikii. Si wazimu, si kifafa. Anapigiwa ngoma, wenzake wanapiga makofi, anacheza mpaka imtoke, halafu anaamka ana kiu anaomba maji. Nyanya yangu wa Mbololo alikuwa mpigaji, na hakuna aliyeona haya. Nikiwa mdogo alinishika mkono akanifundisha ule mpigo juu ya kibuyu. Aliniambia nisisite, kwa sababu nikisita mgonjwa anabaki huko aliko.

Ya mama ilikuwa treni. Mke wa mtu wa reli, na saka yake ni honi ya treni! Watu walimcheka sana, wakasema hakuolewa na baba, aliolewa na injini. Baba alipokufa tukatolewa nyumba za reli, tukahamia mbali upande wa mlimani, na nadhani mama peke yake ndiye aliyehama kwa furaha. Halafu akaokoka. Kanisani kwetu walisema saka ni mapepo, na mwanamke akionekana nayo anatolewa kwenye chama cha akina mama. Mama alivaa kitambaa cheupe cha chama kila Jumapili, akakipiga pasi yeye mwenyewe, hakuniachia mimi hata siku moja. Miaka ilipita bila saka. Neno lenyewe halikutajwa kwetu.

Kaka alikuwa na kaseti moja aliyoipenda kuliko zote, mabehewa yakigongana stesheni ya Voi, halafu honi kwa mbali. Nilipoisikia mara ya kwanza nywele zilinisimama. Alipojua mama atakuja, aliitoa. Aliiweka chini ya kitanda na hakuigusa tena. Nilimwuliza kama kuitoa hakutaharibu shughuli.

"Kutaharibu," akasema. "Lakini mama lazima aje. Nataka baba mdogo amwone mama amekaa pale anasikiliza."

Basi watu wakaja. Nilikuwa na tundu kwenye gunia, nikaona miguu kwanza, halafu sura. Vijana wa shule walijazana nyuma wakisukumana. Kina mama wa soko walikuja na vikapu vyao wakakaa chini. Mzee mwenye godauni alisimama mlangoni, tasbihi mkononi. Baba mdogo alikataa kiti, akasimama amefunga mikono kifuani. Mama alikaa mbele kabisa juu ya gunia la pumba, leso yake ameitandika chini, kitambaa cheupe kichwani kana kwamba ni ibada. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya mwanawe.

Kaka akawasha redio ya kwanza. Ikachemka.

"Fundi, haijashika!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Akawasha ya pili.

"Ongeza betri!"

"Hii ni muziki ama ni kinu cha posho?"

"Ni kinu. Leteni mahindi!"

Kinu kilikuwa ndiyo kwanza kimeingia kweli, kutoka kwenye kaseti, na vicheko vikawa vikubwa zaidi. Rafiki yake akaanza kukwaruza mabati, na meno ya kila mtu yakauma. Mama mmoja wa soko akaziba masikio, akasema, "Yesu wangu, huyu mtoto alizaliwa wapi?" Mimi nikapiga debe, vibaya, kama nilivyofundishwa kupiga vibaya. Kila nilipogonga nilisikia mtu anauliza nani yuko nyuma ya gunia.

Kisha wakanyamaza. Siwezi kueleza ilivyotokea. Vicheko vilipungua kimoja kimoja, na ghafla nikagundua kwamba godauni zima linasikiliza. Sauti ya kinu iliingia ndani ya sauti ya redio, mabati yakapita juu yake, na mbuzi wa Marungu wakalia kama watu waliosahauliwa mahali. Kila mtu pale alikuwa amevisikia vitu hivi maisha yake yote bila kuvisikia. Nilimwona kijana mmoja wa shule yetu, mwenye maneno mengi kuliko wote, amefungua mdomo. Mzee mlangoni alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi, kichwa kimeinama upande mmoja. Baba mdogo alifungua mikono. Mama alikuwa anatabasamu, anamtazama kaka, na nikajua hakielewi hata kidogo anachosikia na kwamba amekipenda.

Nilifikiri: atabaki. Nilifikiri hivyo kwa maneno hayo hayo, nikapiga debe kwa nguvu.

Kaka alikuwa amefumba macho. Alichukua maiki akaanza kuisogeza polepole mbele ya mdomo wa spika. Tulikuwa tumeifanya mara nyingi mazoezini. Maiki ikikaribia spika, sauti inajizunguka yenyewe na kutoa mlio, na alipenda kuuchezea, kuurefusha, kuupandisha. Lakini mazoezi tulifanyia kwenye baraza. Hapa palikuwa na kuta na paa refu la mabati. Mlio ulianza chini kabisa, mzito, wa mbali, kama kitu kinachokuja kwa reli kutoka upande wa Ndi. Ukaja. Ukapanda. Ukajaa godauni lote. Sikuhitaji kufikiria unafanana na nini.

Bega la kushoto la mama liliruka.

Nilisema "kaka." Nilidhani nimesema. Hakuna kilichotoka. Bega la pili likaruka, halafu yote mawili, haraka haraka, na kile kitambaa cheupe kikaanza kwenda huku na huku. Kaka alikuwa amefumba macho na anaupandisha mlio, uso wake una raha ambayo sijamwona nayo kabla wala baadaye. Nilijaribu tena kuita. Nikainama tu, kama darasani.

Rafiki yake ndiye aliyeona. Aliacha nondo ikaanguka. "Buda! Buda, zima! Mwangalie mathe wako!"

Kaka akafumbua macho. Akamwona mama. Akazima kila kitu kwa mkupuo mmoja.

Ilikuwa kosa. Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko mlio. Mama alikuwa ameanguka ubavu, visigino vinagonga sakafu, anatoa sauti nyembamba puani, na watu zaidi ya mia, au pengine walikuwa hamsini, wanamtazama. Kitambaa kilikuwa kimetoka. Wale wa bara walirudi nyuma, mmoja akasema aletewe maji amwagiwe, mwingine akasema ni kifafa ashikwe ulimi. Mama mmoja wa soko, mtu mzima, Mdawida, akasimama na kuwasukuma.

"Msimguse! Ni saka hiyo. Mmezima ya nini? Mnamwacha huko? Pigeni!"

Kaka alisimama na maiki mkononi. "Tupige nini?" akasema. "Hatuna ngoma."

Lakini mimi nilikuwa na debe, na mkono wangu ulikuwa unaujua mpigo. Nimelifikiria hili mara nyingi. Ningeweza kukaa nyuma ya pazia. Pengine ingemtoka yenyewe baada ya muda, pengine wangembeba nje, mzee angesema mama wa watu ameugua kwa joto, na alasiri ingeokolewa. Pengine. Nilimwona mama ametoa ulimi kidogo na una vumbi la unga. Nikatoka mbele ya watu wote na debe, nikapiga magoti karibu na kichwa chake, nikapiga kama nyanya alivyonifundisha, bila kusita.

Makofi yalishika hapo hapo. Kina mama wa soko wote waliujua mpigo ule, hata waliokuwa wameokoka. Yule mama mtu mzima aliokota leso iliyokuwa juu ya gunia la pumba akamfunga mama kiunoni, akamwinua. Na mama akacheza. Sijawahi kumwona mtu akicheza vile. Alikuwa na miguu ya msichana. Vijana wa nyuma walipiga mbinja, watoto wakaingia kutoka sokoni, mlango ukajaa, na mtu akasema kwa sauti ya furaha kabisa:

"Kumbe ndiyo hii! Si mngesema mapema!"

"Sasa hii ni ngoma. Ile nyingine ilikuwa ya kuita."

"Wajanja hawa! Wameificha ngoma ya mama yao ndani ya redio ili kanisa lisijue!"

Neno hilo likazunguka godauni, nikalisikia likizunguka, na kila lilikopita watu walitikisa kichwa kwamba ndiyo, sasa wameelewa. Kaka alikuwa amechuchumaa nyuma yao akikunja waya. Aliukunja vizuri, duara juu ya duara, kama mtu ambaye ana wakati mwingi. Niliendelea kupiga. Sikuweza kuacha na sikuweza kumwangalia.

Mama alirudi akaomba maji. Alikunywa kikombe kizima. Halafu akaona watu. Akaona kitambaa chake chini, kina alama ya kiatu. Akaniona mimi na debe.

Watu walipiga makofi mengi sana, yakadumu muda mrefu. Walikuwa wanampigia mama.

Mzee mwenye godauni alisubiri watoke. "Binti yangu," akaniambia, "mpeleke mama nyumbani, mpe chai yenye sukari nyingi." Kisha akamgeukia kaka na kumshika bega. "Mwanangu, mimi sikulaumu. Ni kadari. Lakini wewe mwenyewe umeshuhudia. Kesho mji mzima utasema godaunini kwangu hupungwa pepo. Nina mabinti wa kuozesha mimi."

"Mzee, haikuwa hivyo. Ulisikia mwenyewe pale mwanzo. Ulikuwa unasikiliza."

"Nilisikia, ndiyo."

"Basi si ungesema."

"Nimwambie nani, mwanangu? Wao wameona walichoona."

Baba mdogo alichukua betri moja akaibeba. Hilo lilikuwa jibu lake, na lilikuwa la huruma kuliko nilivyotarajia, nikamchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Njia ya kwenda kwetu inapita katikati ya soko. Mama alitembea mbele, ameshikilia mkono wangu, leso bado kiunoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifungua. Kaka alikuja nyuma na spika begani. Wauza nyanya walisimama. Mmoja alimkimbilia kaka akamshika mkono wake kwa mikono miwili.

"Asante mwanangu. Umemfanyia mamako jambo kubwa. Watoto wa siku hizi hawakumbuki vitu hivi, wanajua tu disko. Mungu akubariki."

Kaka alisimama. "Asante, mama," akasema.

Mpaka leo wananiuliza mimi, mimi ambaye walikuwa hawajui sauti yangu: lini mtapiga tena ile ngoma yenu ya redio? Wanaisifu. Hakuna hata mmoja anayekumbuka ile dakika waliponyamaza. Niliwauliza wawili watatu shuleni, kwa taabu kubwa, na mmoja akasema, "Ile kelele ya mwanzo? Si mlikuwa mnatengeneza mitambo?" Nadhani tumebaki sisi watatu tuliopiga tunaojua kwamba ilikuwepo, na mzee, kama hajajilazimisha kusahau.

Kabla jua halijatua mwenyekiti wa chama cha akina mama alifika kwetu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akamwita mama "dada yangu mpendwa", akasema wote wanamwombea, akasema ni kwa muda tu. Mama aliingia chumbani, akatoka na kitambaa. Alikuwa ameshakifuta alama ya kiatu. Alikikunja mara nne akampa. Kaka alikuwa amekaa kwenye baraza akisikia kila kitu. Alipoondoka yule mwenyekiti, kaka aliingia ndani akamwambia baba mdogo, "Kesho tutatoka saa ngapi?"

Mama akasema, "Mwanangu, si kwa sababu yangu."

"Hapana, mama. Ilikuwa ni mkataba tu."

"Ulikuwa mzuri," mama akasema. "Ule muziki wako. Mpaka pale ninapokumbuka."

Kaka akacheka kidogo, akatoka nje, na hakurudi mpaka ugali umepoa. Alikuwa amempelekea yule rafiki yake amplifaya, spika na betri. Rafiki alikataa, baadaye akakubali kumwekea. Sidhani yeyote kati yao aliamini neno kuweka.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Waliamka kukiwa bado na baridi. Nilipika chai, nikampigia kaka shati pasi ya makaa ingawa alikuwa anakwenda kulima. Mama alikuwa bado amelala, mabega yanamuuma, na kaka akakataa nimwamshe. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mama, halafu akachukua begi. Nilimsindikiza mpaka pale njia inapokutana na barabara. Baba mdogo akatangulia kwa makusudi.

Nilikuwa nimepanga cha kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba wakati ule waliponyamaza nilifikiri atabaki. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwita na sauti haikutoka, na kama ingetoka angezima mapema, mlio ukiwa bado mdogo, na pengine bega moja lingeishia kuwa bega moja tu. Nilikuwa nimeyapanga yote kwa utaratibu.

"Ulipiga vizuri," kaka akasema. "Hukusita."

Sikuweza kujua anasema kwa uchungu au anasema kweli. Uso wake haukunionyesha. Nikasema, "Haya." Hilo tu. Akanigusa kichwa, akamfuata baba mdogo, na hawakugeuka.

Nilirudi nyumbani. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia na majirani walikuwa wanapita na Biblia zao wakisalimia kwa mikono tu, bila kusimama. Leso ya mama ilikuwa kwenye kiti, imejaa unga na vumbi la godauni na jasho. Niliitoa nje, nikajaza maji kwenye karai, nikaifua kwa sabuni ya kipande, nikaisuuza mpaka maji yakawa meupe. Kamba yetu iko mbele ya nyumba, upande wa njia. Sikuitundika pale. Niliipeleka nyuma, kwenye ua wa minyaa, mahali ambapo wanaotoka kanisani hawawezi kuiona, nikaitandaza, nikakaa karibu nayo nikingoja ikauke.